Jiliwa, Tupa na Mwalimu: Kumbukumbu za Ifunda Ufundi

Sisi tuliosoma Ifunda, shule ya ufundi mkoani Iringa, tukikutana, iwe msibani, harusini au kituo cha basi, hatuchukui muda mrefu kabla ya kurudi karakana. Mazungumzo huanza kwa kutajana mwaka na bweni, yakapita haraka kwenye ugali na maharage, kisha mmoja wetu huuliza, "Wewe ulikuwa mchepuo gani?" Hapo sura hubadilika. Aliyesoma uashi huanza kuongea kwa mikono, aliyesoma useremala hupapasa meza iliyo mbele yake kutafuta kiungo kilivyoungwa, na aliyesoma umeme hutazama dari. Walimu wa hesabu na fizikia tunawakumbuka kwa heshima, na baadhi yao walikuwa hodari mno. Lakini wanaorudi katika kila kikao chetu ni walimu wa karakana, watu ambao hawakuwa na shahada za kutaja, ambao walivaa ovaroli ileile kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, na ambao sijawahi kuona picha ya hata mmoja wao imetundikwa mahali popote. Nimekuwa nikidaiwa deni hili kwa miaka mingi. Leo nataka niandike juu yao, na hasa juu ya mmoja, ambaye nitamwita Mwalimu tu, kwa kuwa jina lake ni la familia yake.

Niliingia Ifunda mwaka 1980, nikitokea Kigoma. Kwa kijana wa miaka kumi na minne aliyekuwa hajawahi kuvuka Malagarasi, ile ilikuwa safari ya kwenda nchi nyingine. Serikali ilitupa waranti, nasi tukapanda treni ya Reli ya Kati mpaka Dodoma, tukalala stesheni juu ya masanduku yetu ya bati, kisha tukashika basi la kwenda Iringa kupitia Mtera, katika vumbi lililotugeuza wote kuwa wazee wenye mvi. Basi lilipoanza kupanda Nyang'oro hewa ilibadilika, na tulipofika Iringa mjini nilikuwa natetemeka ndani ya shati langu moja la mikono mifupi. Kutoka Iringa unashika barabara kuu ya kwenda Mbeya, ile ya malori ya Zambia, unapita Tanangozi, na baada ya mwendo usiofika saa moja unashushwa Ifunda. Mama alikuwa amenifungia chupa mbili za mawese. Asubuhi ya kwanza nilikuta yameganda yote, yamekuwa kama samli, nikadhani yameharibika. Nilikaa kitandani nikiyatazama kwa uchungu ambao hata sasa naweza kuueleza, maana yalikuwa ndiyo nyumbani kwetu pekee niliyokuwa nayo pale.

Mahali penyewe pana historia ambayo hatukuielewa vizuri tulipokuwa wadogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ifunda ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Hawa walikuwa watu waliochukuliwa makwao na kupelekwa Siberia na Kazakhstan baada ya Wasovieti kuingia mashariki ya Polandi, kisha wakaachiwa, wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakasambazwa katika makambi ya Afrika Mashariki, ambayo kubwa kuliko yote katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Vita vilipokwisha wakaondoka kidogo kidogo, wakaacha makaburi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ikapageuza mahali hapo kuwa shule ya ufundi, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi kama uashi, useremala na umakanika: miaka mitatu shuleni, kisha miwili kazini chini ya usimamizi. Baada ya Uhuru ikawa sekondari ya ufundi, pamoja na Moshi, Tanga, Mtwara na nyinginezo, na mitihani yetu ikawa ya sekondari kama ya wenzetu wengine, isipokuwa sisi tuliongezewa masomo ya karakana.

Mwalimu alikuwa mmoja wa vijana hao wa miaka ya 1950. Alitoka upande wa Njombe, akaja kujifunza ufundi wa chuma, akafanya kazi nje kwa muda, kisha akarudi palepale kufundisha. Kwa hiyo majiliwa tuliyoyatumia, yale makamatio ya chuma yanayofungwa mezani kushikilia kazi, aliyafahamu tangu yakiwa na rangi yake ya kwanza. Alijua lipi lina mdomo uliolika upande mmoja, lipi linahitaji kipande cha bati ili lishike vizuri, na alitugawia kwa kuangalia kimo cha kila mmoja, kwa sababu jiliwa linatakiwa kulingana na kiwiko cha mpiga tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia. Mimi nilikuwa mfupi. Alinitafutia ubao wa kusimamia, akaupiga misumari mwenyewe, na ubao ule nilisimama juu yake mpaka katikati ya kidato cha pili.

Kazi ya kwanza ya mchepuo wa mitambo ilikuwa kipande cha chuma laini, kilichokatwa kwa msumeno, ambacho tulitakiwa kukipiga tupa mpaka kiwe na urefu wa milimita 60, upana wa 40 na unene wa 12, nyuso zake zote sita ziwe bapa, na kila pembe iwe ya nyuzi 90. Hakuna mashine, ni tupa na mikono tu. Asiyewahi kufanya kazi hii anaweza kudhani ni ya siku moja, lakini sisi ilituchukua wiki kadhaa. Tupa inataka isukumwe mbele kwa uzito unaohama: mwanzoni mkono wa mbele unakandamiza zaidi, katikati mikono yote miwili inalingana, mwishoni mkono wa nyuma unapokea; ukikosea, tupa inayumba kama bembea na uso wa chuma unatoka na mgongo. Unapaswa kupaka chaki kwenye meno ya tupa ili unga wa chuma usiyazibe, na hutakiwi kuupapasa kwa kidole uso unaoufanyia kazi, kwa sababu mafuta ya ngozi hufanya tupa iteleze. Kisha unachukua skwea, kile kipimo cha pembe mraba, unaiweka juu ya chuma, unainua vyote viwili mpaka usawa wa dirisha, na unatazama chini ya ule wembe wa skwea. Pakipita mwanga, hujamaliza.

Mwalimu hakuwa akisema "vizuri" wala "vibaya". Ulimpelekea kipande chako, akakiinua dirishani, akakuonesha mwanga unaopita, akakurudishia. Basi. Unarudi kwenye jiliwa lako ukijua kabisa tatizo liko wapi, maana umeliona kwa macho yako, na huna wa kumnung'unikia.

Mimi niliharibu changu. Nilifukuza mwanga upande mmoja, ukahamia upande wa pili, nikaufuata huko, na nilipokuja kupima upana ulikuwa umeshuka chini ya milimita 38. Chuma ukishakiondoa hakirudi. Niliogopa, nikafanya jambo ambalo bado linaniumiza nikilikumbuka: nilimwomba rafiki yangu kipande chake, ambacho kilikuwa kimeshakaguliwa lakini hakijagongwa namba, nikakipeleka kama changu. Mwalimu akakipokea, akakiinua dirishani kama kawaida, lakini safari hii hakutazama chini ya skwea. Alikilaza, akaegemeza uso wa chuma kwenye mwanga, akakigeuza taratibu. Kisha akaniita karibu, akanionesha mikwaruzo myembamba ambayo tupa huiacha juu ya chuma. Yote ililalia upande mmoja.

"Kijana," akasema kwa sauti ya chini, ili wenzangu wasisikie, "aliyepiga tupa hapa anatumia mkono wa kulia. Wewe ni wa kushoto. Niletee chako."

Nilimletea. Akakipima, akatikisa kichwa, akafungua kabati, akanipa kipande kipya. Hakunipiga, hakunipeleka kwa mwalimu wa zamu, na hakulirudia jambo lile hata siku moja katika miaka minne. Lakini tangu siku ile nilielewa kwamba kuna mtu anayeifahamu mikono yangu. Nimewahi kuwasimulia kisa hiki watu ambao hawakusoma ufundi, wakaona ni kisa cha udanganyifu wa mtoto. Wenzangu wa Ifunda wanakielewa vingine, kwa sababu kila mmoja wao ana cha kwake: seremala mmoja aliyeambiwa ni saa ngapi alichoka kwa jinsi msumeno wake ulivyoanza kupinda, na mwashi aliyeulizwa kama nyumbani kwao kuna ugonjwa, kwa sababu matofali yake ya juma lile hayakuwa yake.

Jambo jingine ambalo tunalizungumza mara kwa mara ni lugha. Kwa utaratibu wa sekondari, lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, na darasani utaratibu huo ulishikwa kwa nguvu. Karakana ilikuwa na sheria yake. Mwalimu aliandika ubaoni jina la kifaa kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ungeliuliza hivyo, akalisoma mara moja, kisha akageuka na kufundisha kwa Kiswahili. Tupa, jiliwa, kekee, koleo, patasi, randa, timazi, pima maji, bisibisi: maneno haya mimi niliyapata pale, maana nyumbani kwetu tulizungumza Kiha, na fundi wa mtaani kwetu vifaa vyake vyote aliviita "vyuma". Na Mwalimu aliyapenda maneno yenyewe. Siku moja, mvua ikipiga bati kiasi cha kuzuia kazi, alitueleza kwamba neno karakana lilianzia Uajemi, likapitia Bara Hindi, likaja na mafundi wa pwani. Na kwamba randa nayo ina asili hiyohiyo. Nilishangaa kwamba mtu wa Njombe anajua hayo. Alisema aliambiwa na fundi wa Tanga waliyefanya kazi pamoja.

Nina msimamo juu ya hili, na sitauficha. Vijana wengi wa mchepuo wetu waliokuwa wakipata alama za chini darasani walikuwa wa kwanza karakana, na tofauti haikuwa akili wala juhudi. Karakana walikuwa wanaulizwa swali wanalolielewa. Mmoja wao, ambaye fizikia ilimtesa mpaka mwisho, aliweza kukueleza kwa Kiswahili kisicho na doa kwa nini chuma kilichochovywa majini kikiwa chekundu huwa kigumu na pia chepesi kuvunjika, na kwa nini unatakiwa kukipasha tena moto kidogo mpaka kipate rangi ya majani makavu kabla ya kukifanya patasi. Hiyo ndiyo fizikia. Aliijua.

Patasi hizo tulizifua wenyewe, na hapo inabidi niseme juu ya miaka yenyewe. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, nchi ikabaki haina fedha za kigeni, na kufikia mwaka 1981 hata sabuni ya kufulia ilikuwa habari ya kupeana kwa siri. Karakana iliishiwa vitu vidogo vidogo ambavyo ndivyo vinavyoiendesha: nyembe za msumeno, mafuta ya kukatia, karatasi ya msasa. Walimu wetu wangeweza kukunja mikono wakatuandikia nadharia ubaoni, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walitoka kwenda barabara kuu, ambako malori ya Zambia yalikuwa yakivunjika springi kwenye miteremko, wakaomba mabamba ya springi yaliyotupwa, na kwa mabamba hayo tukajifunza kufua patasi, tindo na bisibisi. Uwembe wa msumeno ukikatika, kipande kilichobaki kilifungwa kwenye mpini wa mti na kikaendelea kukata. Mbao zilikuwa afadhali, kwa kuwa msitu wa misonobari wa Sao Hill uko upande wa Mafinga, si mbali.

Mawese yangu yalipata kazi katika shida hiyo. Tulikuwa tunajifunza kukata hesi za nati, yaani ile mizunguko ya meno ndani yake, kazi inayotaka mafuta kwenye meno la sivyo chuma kinachanika, na mafuta hayakuwepo. Mwalimu aliuliza kama kuna mwenye mafuta ya aina yoyote. Nilisema ninayo ya mawese, lakini yameganda. Akacheka kwa furaha, akasema yaliyoganda ndiyo mazuri, hayamwagiki. Tukachota kwa kijiti, tukapaka, na hesi zikatoka safi, ziking'aa kwa rangi ya chungwa. Karakana nzima ikanuka jikoni kwa mama yangu. Likizo iliyofuata nilirudi na chupa tatu, moja ya kula na mbili za karakana, na Mwalimu alinituma nimshukuru mama kwa niaba ya mchepuo wa mitambo. Mama hakuamini kwamba mafuta yake yanakata chuma. Kila mgeni aliyefika nyumbani alihadithiwa.

Wa pili ninayetaka kumtaja ni mwalimu wa uchoraji. Alikuwa mkali kuliko wote, na karatasi yenye alama ya kidole aliichana mbele yako. Tulichonga penseli zetu kwa ncha bapa mfano wa patasi, ili mstari utoke na unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipindi cha kwanza alileta tofali, akaliweka mezani, akatuambia tulichore kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni. Tukachora mistatili mitatu, tukaona ni kazi ya watoto. Akaligeuza: upande wa chini lilikuwa na shimo. Akasema aliyejenga kwa michoro yetu asingelijua shimo lile. Ndipo akatufundisha mstari wa vipande vipande, ambao huonesha ukingo uliopo lakini hauonekani kutoka pale uliposimama. Nimechora na kusoma michoro ya mitambo kwa zaidi ya miaka 30, na kila nikiukuta mstari huo naliona tofali lile.

Tulimaliza mwaka 1983. Baadhi yetu tulikwenda Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kusomea cheti cha ufundi sanifu, wengine wakaenda Arusha, wengine viwandani moja kwa moja, wachache wakarudi makwao wakafungua vibanda vyao. Miaka iliyofuata haikuwa mizuri kwa sekondari za ufundi nchini. Karakana ni ghali kuliko darasa. Inakula chuma, mbao na umeme, na fedha zikipungua ndiyo ya kwanza kubanwa. Walimu wa kizazi cha Mwalimu wakastaafu mmoja mmoja, na hawakuwa wamewaandaa warithi kwa sababu hapakuwa na waliotumwa kuandaliwa. Mwaka 1994 ilipoundwa VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, mafunzo ya ufundi stadi yakapata chombo chake, nalo ni jambo jema; lakini sekondari ya ufundi ilikuwa kitu kingine, mahali ambapo mtoto mmoja alishika kitabu cha jiografia asubuhi na tupa mchana, bila kuambiwa kwamba kimoja ni cha wenye akili na kingine ni cha walioshindwa. Siku hizi nasikia juu ya mkondo wa amali katika sekondari, na shule kongwe kadhaa zimekarabatiwa. Nafurahi kwa dhati. Ninachowaomba wanaosimamia kazi hiyo ni kwamba, wakishanunua mashine, wamtafute na mtu wa kuwapangia wanafunzi majiliwa kwa vimo vyao.

Mwalimu alifariki miaka michache iliyopita, akiwa amevuka umri wa miaka 80. Habari zilitufikia kwa kuchelewa na wengi hatukuwahi mazishi. Wanawe walipotujulisha kwamba wanataka kulijengea kaburi, tulipigiana simu, na siku ya Jumamosi moja mwezi Julai, baridi ikiwa kali kama zile za shuleni, tulikutana watu tisa kijijini kwao, upande wa Njombe. Mjane wake alitupokea kwa "Kamwene", akatupa chai, akamwuliza kila mmoja mwaka aliomaliza. Alitaja mambo yetu ambayo tulidhani hakuna anayeyajua nje ya karakana. Alipofika kwangu alisema, "Wewe ndiye wa mawese."

Wanne kati yetu walikuwa wa mchepuo wa uashi, nao walikuja na miiko yao, timazi na pima maji, kila mmoja na vyake, maana fundi haazimi mwiko. Sisi wa mitambo na umeme tulikoroga udongo na kubeba matofali. Kozi ya kwanza, yaani safu ya chini ya matofali, ilikwenda vizuri, ya pili ikafuata, na jua lilikuwa limeanza kutelemka mjane alipotuma mjukuu aje kutuita tukale. Mwenzetu mmoja, ambaye sasa ana wajukuu watano na goti linalomsumbua, alipiga magoti hata hivyo kwenye pembe ya upande wa kichwani, akaweka skwea, akainamisha shavu mpaka karibu na tofali, akafumba jicho moja. Akatuita. Tukainama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, tukitazama chini ya ule wembe wa chuma kuelekea jua la magharibi.

Mwanga ulikuwa unapita, mwembamba kama uzi.

Mjukuu alisema chakula kinapoa. Tukamwambia amwombe bibi atusubiri kidogo. Tukaiondoa kozi ya pili yote, udongo ukiwa bado mbichi, tukayafuta matofali moja moja na kuyapanga pembeni, na yule mwenye goti bovu akaanza tena kutokea pembeni.